Siku Motokaa Yangu Ilipokunywa Maji ya Mama Mkwe

Nitawasimulia, lakini naomba msicheke kabla sijamaliza, maana mkianza kucheka mapema nitayaruka yale ya aibu zaidi na ninyi mtabaki na nusu ya habari. Huko Mnyambe kwa wakwe zangu mpaka leo kuna watu wazima wenye mvi ambao hawalijui jina langu la ubatizo. Wananijua kwa jina la Rejeta, na wajukuu zao wananiamkia, "Shikamoo babu Rejeta," kwa adabu kabisa, wakidhani ni jina la ukoo. Naitikia marahaba, nitafanyaje.

Ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya Mwingereza. Mimi nilikuwa seremala katika karakana ya misheni hapa Masasi, kijana mwenye nguvu zake, mwenye mke aitwaye Hilda na mtoto mmoja, Stefano, aliyekuwa anaota meno. Ila mke na mtoto sikuwa nao. Walikuwa kule juu, Mnyambe, kwa mama yake Hilda, kwa sababu kwa Wamakonde wa wakati ule ukioa ulikwenda wewe kwa mke, na mimi nilikaa kule miaka miwili nikilima na kujenga kama ilivyotakiwa, ndipo nikapata kazi ya Masasi na nyumba ya vyumba viwili ambamo nilikuwa nalala peke yangu kama mgeni. Kumwondoa Hilda pale halikuwa neno langu wala la baba yake. Lilikuwa neno la mjomba wake, Mzee Kasiani.

Mjomba Kasiani alikuwa mtu mkimya, mrefu, aliyepigana vita vya Burma akiwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, na kila nilipomwomba ruhusa alinijibu vilevile bila kuinua sauti. "Mama yake ana kifua. Siku akibanwa atamtaka binti yake, na kutoka Masasi mpaka hapa ni siku mbili kwa miguu. Nionyeshe mtu wetu atafikaje hapa siku atakayoitwa. Siku utakayonionyesha, mchukue."

Mwenye akili angekaa akalifikiri swali lile. Mimi nikasikia motokaa.

Na motokaa zilikuwepo, maana wakati huo mashamba makubwa ya karanga kule Nachingwea yalikuwa yanavunjwa na vitu vyake vilikuwa vimetapakaa wilaya nzima, matrekta, mapipa, mahema, na motokaa zilizokimbizwa porini usiku na mchana mpaka zikachoka. Moja ilimwangukia fundi mmoja hapa mjini, jina lake Rajabu. Ilikuwa gari dogo la mizigo, kichwa cha chuma na nyuma bodi la mbao lenye kibanda. Nilikuwa nina leseni (nilikuwa utingo wa lori la misheni kabla ya useremala, na dereva wake alinifundisha), nilikuwa nina akiba yangu ya miaka mitatu, na nilikuwa nina hamu ya kukaa na mke wangu. Hamu ndiyo iliyoniponza.

Rafiki yangu Bakari, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, aliniambia maneno ambayo yangeniokoa. "Motokaa kuukuu hainunuliwi na mtu mmoja. Mimi naenda Lindi, narudi Jumatatu, ningoje tuikague pamoja."

Lakini kikao cha ukoo kilikuwa Jumapili. Mjomba Kasiani alikuwa amekiitisha, ndugu wangekuja kutoka vijiji vyote kama walivyokuja mara moja kwa mwaka, na mimi nikajiambia kwamba kumngoja Bakari siku tatu ni kumngoja Hilda mwaka mzima. Basi Ijumaa mchana nikaenda kwa Fundi Rajabu peke yangu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo tu, na yote mengine yalitoka humo.

Sasa sikilizeni nilivyoikagua. Nilizunguka nyuma nikaanza kugonga mbao. Mninga mtupu, mkavu, hauna mchwa wala ufa. Nikapanda ndani nikarukaruka sakafuni, haikulia. Nikaingiza kidole kwenye viungo vya pembeni nikakuta vimechongwa na mtu anayejua kazi, nikakitikisa kibanda, nikafungua mlango wa nyuma na kuufunga mara kumi, na nikamwambia Rajabu kwa sauti ya mjuzi kwamba hapa kweli kuna motokaa. Rajabu akasema, "Wewe ni fundi mwenzangu, huwezi kudanganywa." Nikavimba kichwa. Injini niliikuta tayari inanguruma, ameipasha moto kabla sijafika, na chini ya motokaa uwanja mzima ulikuwa umelowa kwa sababu, alisema, ameniogeshea. Nikamshukuru kwa ukarimu. Tukaizungusha sokoni mara mbili, mahali tambarare kama meza, honi ikalia vizuri, na mita ya maili ilionyesha kwamba imetembea kidogo sana, nami nikaiamini kama ninavyoamini futi yangu ya kupimia mbao.

(Niwakirie na hili, kwamba wiki moja kabla Rajabu alikuja karakana kuniomba gunia la vumbi la msumeno, la kulazia vifaranga, na nikamjazia mwenyewe, nikalishindilia.)

Jumamosi alfajiri nikaondoka kwenda Mnyambe, kwenye uwanda wa juu wa Newala. Mnajua kwamba juu kule hakukuwa na maji. Ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, na wakati wa kiangazi wanawake waliamka jogoo la kwanza wakateremka bondeni kwenye chemchemi na kurudi jua limepanda, mtungi mmoja kichwani, ndiyo maji ya siku. Mgeni mwenye adabu aliyetoka bondeni hakupeleka sukari tu, alipeleka maji. Kwa hiyo mimi nilipakia madebe mawili ya maji safi kwa ajili ya mama mkwe, nikayafunika kwa majani yasimwagike, na njiani nilikuwa naona fahari kuyasikia yakicheza nyuma.

Katika tambarare yote motokaa ilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda mlima ikaanza kukohoa, halafu mbele yangu pakatoka moshi mweupe, halafu ikasimama. Nikafungua rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ikafoka, nikangoja, nikamimina debe la kwanza. Lote likaingia. Nikapanda kidogo ikasimama tena, nikamimina la pili, nikijua ninamimina nini na ni ya nani. Nilifika juu na madebe mawili matupu.

Mjomba Kasiani alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama motokaa kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akaniuliza swali moja.

"Mlimani imekunywa mara ngapi?"

"Haikunywa, mjomba."

Akayatazama yale madebe matupu. Akaingia ndani, na mimi nikasimama pale nikijiona mwongo na nikiwa na hofu ya kujirudi. Ningesema pale pale. Ilikuwa nafasi yangu na niliiacha ipite kwa sababu ya kuona haya.

Asubuhi ya Jumapili, kabla watu hawajaamka vizuri, nikaenda kuichungulia rejeta. Kavu. Chini yake mchanga ulikuwa na doa la unyevu na kuku walikuwa wanalidonoa. Nikamfuata Hilda jikoni nikamnong'oneza anipe maji kidogo.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kunawa."

Akanipa kata moja. Nikamwambia haitoshi. Akaniongezea ya pili, ya tatu, akanitazama usoni, akasema, "Baba Stefano, unanawa mwili wa nani?" Nikacheka kicheko kibaya, nikaubeba mtungi wenyewe nikaenda nao nyuma ya nyumba ilikolala motokaa. Yalikuwa ndiyo maji ya kupikia wageni wa kikao.

Ndugu walipokusanyika wote, watu kama arobaini na watoto, mjomba akasema maneno machache tu. "Mkwe wetu ametuletea jibu, nasi tumeliona kwa macho. Sasa lifanye kazi. Mchukue mama yake Hilda, umpeleke kwa dada yake kijiji cha pili, amsalimie, umrudishe hapa kabla chakula hakijaiva. Ukimrudisha, maneno yamekwisha."

Jamani, mama mkwe kwa kule hakaribiwi. Katika miaka yote ile hakuwahi kusema nami neno uso kwa uso. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Hilda, nami namjibu Hilda, hata kama tumesimama watatu. Kumpandisha kwenye motokaa ilikuwa jambo kubwa. Alivaa kaniki yake mpya na kitambaa cheupe, akakaa nyuma kwenye kibanda juu ya kigoda nilichokichonga mwenyewe, amegeukia upande asinione kisogo, na Hilda akakaa karibu yake na Stefano. Tukaondoka na vigelegele. Nilikuwa natokwa jasho mgongoni na jua bado halijapanda.

Tulikwenda vizuri kwa muda wa kumaliza nyimbo mbili za kanisani (nilikuwa naziimba moyoni). Kisha tukaingia mahali penye mchanga mzito, nikabadili gia, na pakatoka mlio ambao sijawahi kuusikia katika chuma, kama mtu anasaga mifupa, na mbele ukafumuka moshi mpaka sikuona njia. Ikasimama. Nikashuka mbio, na kwa wasiwasi nikasahau kungoja, nikaufungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa.

Kilichotoka hakikuwa maji. Kilitoka uji. Uji mweupe, mzito, wa moto, ukaruka ukanilowesha koti langu la kanisani kutoka kola mpaka vifungo na mkono ukaungua. Unga wa muhogo, Rajabu alikuwa ameijaza rejeta unga wa muhogo ili uzibe matundu, na sasa ulikuwa umeiva.

Wakati huohuo wakatokea wanawake watatu wanatoka bondeni, mitungi kichwani, wametembea tangu jogoo. Wakasimama. Mmoja akainama akatazama boneti, akamwambia mwenzake kwa utulivu, "Hii motokaa inapika."

Nikasikia nyuma mama mkwe anamwambia Hilda, na Hilda akatoa kichwa nje kuniambia, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno, "Mama anasema, waombe maji kwa jina lake, atayarudisha." Nikawaomba. Walitazamana. Mtu hagawi maji ya kiangazi njiani, lakini jina la mama mkwe lilikuwa na uzito, wakateremsha mitungi, wakamimina wa kwanza, wa pili, wa tatu, nami nimeishika ile mitungi pamoja nao, nikisali.

Nikasikia mtiririko. Tukainama wote, hata mama mkwe alikuwa ameshuka na kuinama. Maji yalikuwa yanaanguka chini ya rejeta sehemu nne, yanaingia mchangani, yanazama, bila haraka, mpaka yakaisha. Hakuna aliyezungumza. Yule wa mwisho, msichana tu, alichovya kidole kwenye mchanga uliolowa, akakitazama, akaubeba mtungi wake mtupu. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa shuleni mbele ya watu, lakini kimya kile ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Mama mkwe akajifunga kaniki yake vizuri akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, kifua kinalia, na Hilda nyuma yake na mtoto, na hakugeuka kunitazama.

Walikuja vijana kumi kuisukuma. Tulipofika uwanjani wale ndugu arobaini walikuwa bado wapo, wenye njaa, maana chakula hakikupikwa kwa kukosa maji, na nadhani mnakumbuka yalikwenda wapi. Mjomba Kasiani akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba spana iliyokuwa chini ya kiti changu. Ndipo nikajua kwamba Burma hakubeba bunduki. Aliendesha malori, miaka mitatu, kwenye matope na milima. Nilimuuliza Hilda baadaye kwa nini hakuniambia, akasema, "Uliniuliza lini?"

Akaikagua mbele ya watu wote kama daktari, na kila alichokishika alinionyesha bila kunikemea. Alinionyesha pedali ya mafuta, mpira wake umelika mpaka chuma kinang'aa, na kiti cha dereva kimebonyea, akaniuliza je, motokaa iliyotembea kidogo kama mita inavyosema italika pedali namna hii? Akalitikisa gurudumu la mbele likacheza kama jino la mtoto. Akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, kikatoka na masizi yenye mafuta, akasema injini inakula oili. Akaniuliza, "Ulipoinunua uliikuta baridi au moto?" Nikasema moto. "Ilipolala, chini pakavu au pamelowa?" Nikasema aliiogesha. Wazee wakaguna.

Kisha akafungua giaboksi kutoka chini, oili ikatiririka kwenye karai. Ilikuwa nzito kama togwa. Akaichota kwa vidole viwili, akaisugua, akainusa, akaniletea na mimi ninuse.

"Wewe ni seremala," akasema. "Hii ni mbao gani?"

Nikanusa, na nilijua kabla haijafika puani. Ulikuwa mninga. Lilikuwa vumbi la msumeno wangu, gunia langu la vifaranga, Rajabu alilijaza humo ili gia zisilie, na nilikuwa nimelibeba mwenyewe kutoka Masasi mpaka mlangoni kwa mjomba. Nikamwambia yote, hata habari ya gunia. Hapo kicheko kilipasuka, na nilikuwa naona wazee wa watu wanashikana mabega, na kuna mmoja alikaa chini. Jina la Rejeta lilitoka hapo, kwa ile rejeta iliyopika uji.

Mjomba hakucheka. Alingoja wenzake wamalize, akanawa mikono kwa mchanga. "Kununua motokaa mbovu si kosa, hata sisi jeshini tulipewa mbovu," akasema. "Lakini nilikuuliza imekunywa mara ngapi. Siku dada yangu amebanwa na kifua, nikakuuliza umefika wapi na binti yetu, utanijibu nini? Kwanza maji ya watu yarudi mitungini. Mengine baadaye."

Nilimwelewa. Na niliogopa kweli, kwa sababu nilimwona Hilda mlangoni, amemshika Stefano, na alikuwa analia bila sauti, nami nikajua kwamba ninaweza kushuka Masasi peke yangu na nisiwapate tena.

Nikatuma salamu kazini kwamba nina matatizo ya ukweni (na huo haukuwa uongo). Kesho yake, jogoo la kwanza, nikateremka bondeni na wanawake, madebe mawili yakining'inia kwenye mti wa mzega begani, mwanamume peke yangu katika mstari ule. Walinitania njia nzima, wakiuliza kama nahitaji unga. Siku ya kwanza nilifika juu na nusu ya maji, mengine yamemwagikia miguuni mwangu. Siku ya pili nilikumbuka kuweka majani juu, nikajifunza kutembea kwa kupinda magoti. Siku ya tatu niliteguka kifundo, na siku ya nne nikateremka nikichechemea. Mitungi ya wale wanawake watatu ikarudi na ule wa jikoni ukarudi, deni likaisha, na hakuna aliyeniambia neno.

Siku ya tano sikuwa na deni. Lakini jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeona mtungi wa mama mkwe umebaki robo, na yeye usiku alikuwa amekohoa. Nikateremka. Niliporudi na madebe, nikayaweka chini nikiwa sina pumzi, nikasikia sauti ambayo sikuwa nimezoea kuisikia ikinielekea.

"Baba Stefano," akasema mama mkwe, yeye mwenyewe, ananitazama. "Kaa upumzike."

Nilikaa mchangani hapohapo. Akamgeukia kaka yake aliyekuwa anachonga mpini. "Kasiani, uliuliza mtu wetu atafikaje. Huyu amepanda mlima siku tano, na mguu umevimba. Siku nikibanwa atanifikishia binti yangu, hata kwa kumbeba mgongoni. Mimi swali langu limejibiwa."

Mjomba akaweka mpini chini. "Na ukikwama njiani," akaniuliza, "utasema umekwama wapi?"

"Nitasema, mjomba. Mlimani ilikunywa mara mbili. Madebe yote mawili."

"Nilijua," akasema. "Mchukue mkeo."

Motokaa tukaiacha uwanjani palepale, tukashuka kwa miguu, siku mbili, Stefano shingoni mwangu. Miaka miwili baadaye mama alibanwa kweli, mjumbe akafika karakana mchana, tukaondoka saa ileile, tukatembea, tukalala njiani saa chache tu, na siku ya pili jua la utosi tulikuwa mlangoni. Tulimkuta hai, amekaa ameegemea ukuta. Aliishika mikono ya Hilda mpaka jioni, na alfajiri iliyofuata akafariki binti yake akiwa pale.

Kwa hiyo mkinunua motokaa ya zamani, nendeni na mtu anayejua, ikuteni baridi na pakavu, tazameni pedali msitazame mita, fungueni rejeta, na ipandisheni mlima kabla ya kutoa kitu mkononi. Mimi sijanunua nyingine na sitanunua. Lakini kama mmekwisha kuingia mkenge kama mimi, basi ikichemka mara ya kwanza, semeni imechemka.